Bata Aliyetakiwa Kutoa Ushahidi

Jumamosi iliyopita nilimsindikiza rafiki yangu mwalimu hadi kwenye bwawa moja karibu na Mto Ruvuma. Alikuwa akimtafuta bata mdogo mzamiaji, ampige picha ya kuwaonyesha wanafunzi wake. Tulikuwa tumelala kifudifudi majanini pale mgambo mmoja alipotutokea nyuma, bunduki begani. Ng'ambo ya mto kuna vita, na kamera huku si kitu cha mchezo.

"Ndugu, unapiga picha nini?"

"Bata, afande. Mimi ni mwalimu."

Mgambo aliyatazama maji matupu. "Yuko wapi?"

"Amezama."

"Amezama," mgambo alirudia polepole, kama karani anayeandika maelezo ya mshtakiwa. "Haya, tumngoje huyo shahidi wako. Asipotokea, twende wote kituoni."

Akalala kando yetu. Mwalimu alitokwa jasho hata miwani ikamteleza puani. Mara bata akaibuka, akajikung'uta maji.

"Yule pale!" mgambo alipiga kelele kwa furaha, na bata akazama tena kabla mwalimu hajabonyeza kamera.

Ndivyo ilivyo, msomaji: mtu anakuokoa na kukuharibia kazi kwa neno lile lile, nawe hujui umshukuru au umnunie. Mwalimu alinuna. Mgambo akamwonea huruma, akafunga vifungo vya shati, akasimama wima mbele ya kamera.

"Usirudi na filamu tupu, mwalimu. Nipige mimi. Mimi sizami."