Kamera Isiyolia Nyumbani kwa Bibi Zuhura

Chekeni kwanza, mmalize kabisa, ndipo nisimulie, maana hata mimi nikiikumbuka siku ile huwa najifunika uso na kanga nikiwa peke yangu jikoni. Mimi Hadija, fundi picha wa Rumonge, niliyepiga harusi kuanzia Muhuta mpaka huku chini kwetu, nilisimama mbele ya wanawake sitini na zaidi nikawa natoa mlio wa kamera kwa mdomo. Kwa mdomo huu huu. Saa nzima. Na kama ingekuwa ni hilo tu ningeshukuru.

Kamera yangu ya zamani mnaikumbuka, ile nene yenye kioo ndani, kioo kinachoruka juu kila ukibonyeza na kutoa ule mlio, kachaa, ambao hapa kwetu hata mtoto anayetambaa anaujua: ukisikia kachaa, picha imepigwa, unaruhusiwa kupumua. Basi ikazeeka. Kioo kikawa kinaganda juu katikati ya kazi, mpaka niipige kofi ubavuni (kofi la mapenzi) ndipo kishuke. Deo, muuza kamera wangu wa Bujumbura, akaniambia enzi za vioo zimepita, siku hizi kuna kamera zisizo na kioo kabisa, nyepesi, na iko moja imetumika kidogo tu, imetoka Japani. Nikamwachia ile ya zamani, nikachukua mpya, lakini lenzi zangu mbili nikakataa kuziachia. Ile ya hamsini hasa, inayompiga mtu sura mpaka anajipenda mwenyewe, siitoi hata nikiombwa kwa magoti. Jiko unabadilisha, lakini sufuria zilizokuzoea unabaki nazo, au sivyo?

Tatizo ni kwamba lenzi za zamani haziingii kwenye kamera mpya mpaka uweke pete katikati, kipande cha kuziunganisha, na Deo hakuwa nayo siku ile. Akasema ataituma na taksi. Pale dukani akanijaribishia kamera kwa kilenzi chake kidogo cha mezani: akabonyeza, picha ikatokea, na hapakusikika kitu. Kimya! Nilikaribia kumkumbatia. Menyu yake yote ilikuwa ya Kijapani, lakini Deo akanionyesha vitufe vitatu vinavyotosha, na akazima ile ya kukuonyesha kila picha ukishapiga, kwa sababu kamera hizi, alisema, zinakula betri. Nikarudi Rumonge nimevimba kichwa.

Pete ikafika siku ileile ya harusi, asubuhi, imefungwa kwenye gazeti, na kwenye simu nikakuta ujumbe wa Deo: "Ukishaivaa pete unipigie kwanza, iko kitu kimoja cha kuwasha ndani." Hapa ndipo ningeweza kuokoka. Nikavaa pete, nikavaa hamsini yangu, nikaangalia kwenye skrini, nikaona mgomba wa jirani umetulia safi kabisa, na nikajiambia, miaka yote hii ya kazi nipige simu kuuliza nini? Nikapanda moto (pikipiki, kwa ninyi mnaoishi mbali) kwenda Gatete.

Harusi ilikuwa ya Saada, mjukuu wa Bibi Zuhura muuza mawese. Bibi ndiye aliyemlea tangu akiwa wa kunyonya, na siku ile baada ya swala ya Alasiri gari lilikuwa linakuja kumchukua bibi harusi kumpeleka kwa mumewe Kigoma. Bibi alinipokea mlangoni akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Hadija mwanangu, ile picha ya miye na Saada uitengeneze muzuri. Kigoma iko mbali, na haya magoti yangu unayaona." Nikamwambia Bibi, leo nimekuja na kamera ambayo Rumonge nzima haijawahi kuiona. Ee, nilisema hivyo.

Sasa, ile ilikuwa sherehe ya wanawake watupu, na kama mnavyojua bibi harusi anakaa bila kujifunika, nywele wazi, hina mpaka kwenye kiwiko, kwa hiyo hakuna mtu kuingia na simu. Pale mlangoni alikaa Shangazi Tatu, shangazi yake Saada, na kapu kubwa mapajani, na kila anayeingia anatupa simu yake humo, hata mke wa imamu, hata mimi. Kwa hiyo kuelewana tu: nyumba nzima ilikuwa na kamera moja, na kamera hiyo ilikuwa shingoni mwangu.

Tukaanza na Bibi mwenyewe. Akakaa kando ya Saada, akanyoosha mgongo, akabana midomo (Bibi hana meno mawili ya mbele, na katika picha zote za maisha yake amebana midomo kama anayehifadhi maji). Nikabonyeza. Kwenye skrini yakatokea maandishi ya Kijapani, mstari mmoja mzuri, yakakaa kidogo yakaondoka. Kule dukani sikuwa nimeyaona, lakini nikajua tu yanasema picha imeingia, hongera. Mtu akikuandikia kwa adabu namna ile utadhani nini?

"Tayari Bibi, unaweza kuinuka."

Bibi hakuinuka. "Haijalia."

"Hii hailii, Bibi. Ni ya kisasa."

"Kama haikulia, haikupiga."

Wanawake wakacheka, na mimi badala ya kunyamaza nikatoa mhadhara. Nikawaeleza kwamba kamera ya zamani ilikuwa na kioo ndani na kioo ndicho kinachopiga kelele, lakini hii haina kioo. Mama mmoja wa nyuma akauliza sasa bila kioo inaona na nini, mwingine akasema haiko na kioo kwa sababu wamekiiba njiani, na Bibi akanisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima kabisa, kisha akasema: "Nimesikia. Sasa iambie ilie."

Alikaa pale kama dakika tano. Nyuma yake msururu umefika uani, kila mtu anataka picha na bibi harusi, sambusa zinapoa, na Saada ananiangalia kwa jicho la kuomba msaada. Basi nikaweka kamera usoni, nikabonyeza, na kwa ncha ya ulimi nikasema: "Kachaa!"

Bibi akapumua, akainuka. "Ehe. Njo vile." (Ndivyo hivyo, kwa Kiswahili cha kwetu.)

Na baada ya hapo hakuna aliyekubali kuondoka bila kachaa yake. Aliyekuja na watoto wanne alitaka kachaa nne. Mama mwenye ngoma akaidaka, akawa anaipigia: mimi nikisema kachaa, yeye anajibu dum, na nyumba nzima inashangilia, mpaka ikawa wimbo, na mimi (naomba Mungu anisamehe) nikaanza kuifurahia, nikawa naitoa kwa madaha, ya kwanza nyembamba, ya pili nzito, nikiinama na kuinuka. Nilijiona fundi kweli kweli. Mate yalinikauka ikabidi niletewe fanta.

Baada ya Alasiri Bibi akaniita. "Nionyeshe ile yangu na mutoto." Kwa majivuno yale niliyokuwa nayo sikuangalia hata mwenyewe, nikabonyeza kile kitufe cha kuonyesha picha, nikamkabidhi kamera mikononi. Bibi akaisogeza karibu, akaisogeza mbali. Akainamisha kichwa.

"Huyu njo miye?"

Nikachungulia. Palikuwa na sahani. Juu ya sahani palikuwa na mukeke wa kukaanga, kichwa na mkia, na vitunguu, na kipande cha limau. Chakula cha mchana cha Deo, siku ile ya kunijaribishia dukani. Nikasogeza picha inayofuata, ikarudi mukeke. Nikasogeza tena: mukeke. Katika kamera nzima, baada ya saa nzima ya kuinama na kuinuka, palikuwa na picha moja tu, na ilikuwa ya samaki.

Wanawake wakasogea kuchungulia. Hata ngoma iliwekwa chini. Nikasikia aibu ikipanda kutoka miguuni, aibu ya moto. Saada akaja, akaangalia, machozi yakamjaa kwenye wanja aliopakwa tangu asubuhi, na hakunitukana, afadhali angenitukana, alisema tu kwa sauti ndogo: "Dada Hadija, sasa nitaenda na nini?" Na nje, kama kwa makusudi, gari la Kigoma likapiga honi.

Nikamwendea Shangazi Tatu kuomba simu yangu. Akakumbatia kapu. "Hapana. Simu haitoki mupaka bibi harusi ajifunike." Nikamwambia Shangazi, nimeharibu kazi, nahitaji kumpigia fundi aliyeniuzia kamera. "Sema kwa nguvu, wote wasikie." Nikasema kwa nguvu, mbele ya wote: sijapiga hata picha moja, fundi alinionya nimpigie kabla ya kuja, nikajiona najua. Ndipo akaingiza mkono kapuni.

Nikaweka simu kwenye sauti ya wazi kwa sababu mikono yote ilikuwa kwenye kamera, na sauti ya Deo ikajaa sebuleni: "Allo, Hadija!" Mnajua wanawake sitini wakisikia sauti ya mwanaume ghafla na hawakujifunika wanafanyaje? Kanga zilipaa, mmoja akaingia chini ya meza, mwingine akajifunika na kitambaa cha mezani pamoja na sambusa zake.

Bibi akasema, "Kwani anatuona kupitia masikio? Kaeni!"

"Deo," nikasema, "inatoka maandishi ya Kijapani halafu haipigi."

"Si nilikuandikia unipigie? Ile pete haiko na vichuma vya kuongea na kamera. Kamera inaona kama hamuna lenzi, inakataa. Yale maandishi njo inakuambia hivyo."

"Inakataa!" wanawake wakajibu kwa pamoja, wengine kutoka chini ya kanga.

"Haikulia, haikupiga," akasema Bibi, hakumtazama mtu.

Deo akanielekeza: alama nyekundu, ukurasa wa tatu, mstari wa pili kutoka chini, nenda kulia, bonyeza. Nikabonyeza. Nikampiga Shangazi Tatu na kapu lake, nikaangalia, na alikuwemo, Shangazi mzima na uchungu wake wote usoni. Nilitaka kumwomba Deo anirudishie na mlio lakini unite za simu zikaisha, ikakatika katikati ya murakoze yangu ya kumshukuru.

Nje honi ikalia tena. Mjumbe wa upande wa bwana harusi akagonga akisema njia ni ndefu. Bibi akamjibu kupitia mlango uliofungwa: "Wangoje. Wamepewa mutoto, watapewa na picha yake."

Nikapiga magoti mbele yake nikamwomba msamaha, kwa picha na kwa ule mhadhara. Akanipiga kibao kidogo begani. "Inuka. Lia."

"Bibi, sasa hivi inapiga kweli, hata bila—"

"Lia, weye!"

Lakini sauti ilikuwa imenikauka kwa zile kachaa zote, na nilipofungua mdomo ilitoka sauti kama ya kuku aliyekanyagwa. Saada akacheka, wanja umemchuruzika mpaka mashavuni, akamshika Bibi kiunoni, na wakasema wao wenyewe, wawili kwa mara moja, midomo wazi: "Kachaa!" Nikabonyeza hapo hapo. Kimya kimya. Nikaangalia: ilikuwemo.

Wengine niliwapiga upesi upesi, rangi za midomo zimeishia kwenye pilau, jasho limeshaharibu poda, na kila mtu akijipigia kachaa yake. Saada aliondoka akiwa amechelewa saa nzima na hakuna aliyekasirika isipokuwa dereva.

Tangu siku ile hapa mjini naitwa Mama Kachaa, nikipita sokoni wauza ndagala, dagaa wa kwetu, wananipigia kachaa kutoka pande zote, nami naitika, nifanyeje. Hamsini yangu bado naitumia na pete yake. Lakini nimejiapiza, na ninyi ni mashahidi: fundi akiniambia nimpigie simu, nampigia hata kama niko msalani, na sitoki nyumbani mpaka nimempiga picha jogoo wa jirani na kuona kwa macho yangu kwamba yumo. Jogoo mwenyewe sasa akiniona na kamera anajisimamisha.

Saada aliniandikia kutoka Kigoma kwamba katika picha nilizomtumia, aliyoitundika sebuleni ni ileile ya kachaa, yeye na Bibi midomo wazi. Nami nikaitoa kubwa nikaiweka ukutani kwenye studio, ingawa niliogopa, kwa sababu ya yale meno. Wiki iliyopita Bibi Zuhura akapita kuuza mawese mjini, akaingia kunisalimia, akaiona. Akaweka kidumu chini. Akaisogelea, akarudi nyuma, akainamisha kichwa kama siku ile ya mukeke, na mimi nikaanza kutafuta maneno ya kuomba radhi.

"Ehe," akasema, na akacheka, pengo wazi kabisa, bila kuziba mdomo. "Huyu njo miye."