Watano Juu ya Jiwe

Mimi ni mwoga, na sijawahi kulificha hilo. Ila nimefundisha baiolojia miaka mingi kabla ya kuja Johannesburg, na mikono iliniwasha kufundisha tena. Ndiyo maana Jumamosi ile asubuhi niliwapandisha watoto sita wa Kikongo na Kirundi kwenye kilima cha mtaa wa Observatory, tukiwa na darubini mbili na daftari moja la kuandikia ndege. Mama wa yule mdogo kuliko wote, msusi wa mtaa wa Yeoville, alikuwa amenikatalia mara tatu. Mara ya nne alimfunga binti yake vifungo vya sweta, akaniambia, "Nakupa mtoto, mwalimu. Si kikapu."

Mwewe alipita juu yetu. Nikawaambia wote watazame mkia, maana mkia ndio unaosema ni ndege gani. Tukatazama mpaka shingo zikauma, nami nikiwa wa kwanza. Tulipoinamisha vichwa, watoto walikuwa watano; yule mdogo hakuwapo.

Niliwaketisha watano juu ya jiwe kubwa, wakashikana mikono, nikaingia majanini. Upande wa chini walikaa wanaume wawili na chupa yao, wamegeuka kunitazama. Kilima kile kinajulikana kwa kuporwa simu, na si simu tu. Kuita kwa Kiswahili pale ni kujitangaza kuwa mgeni, na wageni hushambuliwa mjini hapa, kwa hiyo mwanzoni niliita kwa kunong'ona, upuuzi mtupu. Kisha nikasahau wanaume, nikapiga kelele jina la mtoto tena na tena. Hakuna aliyeitika. Nilichungulia kila ufa wa mwamba nikiogopa kukuta sweta tu. Nilikuwa tayari nayatafuta maneno ya kumwambia mama yake.

Nilimkuta karibu na pale tulipokuwa tumesimama, hatua kama ishirini. Alikuwa amelala kifudifudi chini ya kichaka, macho wazi, majani yamemjaa nywelani. Hakuwa na hata mkwaruzo. Alikuwa amewafuata kanga na vifaranga wao, basi.

"Hukunisikia?" nilimuuliza. Nilitaka kumkumbatia na kumzaba kofi kwa wakati mmoja.

"Nilikusikia, mwalimu."

"Sasa mbona hukuitika?"

"Sauti yako ilikuwa ya kuogopa," alisema. "Mama anasema, mukubwa akiita na sauti ya kuogopa, usijibu. Ujifiche, ungoje anyamaze. Ile siku watu walivunja saluni ya mama, tulifanya vile."

Kwa hiyo nilivyozidi kumwita, ndivyo alivyozidi kujibana chini. Niliketi majanini kando yake. Wale watano walikuwa bado juu ya jiwe, hatuonani, na nilitaka kuwapigia kelele kwamba amepatikana. Nilifumbua mdomo nikaufunga. Nilingoja mpaka sauti initulie kwanza, maana nao wana mama, na huenda wamefundishwa vilevile.