Kompyuta Bubu ya Bi Sitaki

Jina alilopewa na wazazi wake wengi walikuwa wameshalisahau. Nyumbani na mtaani aliitwa Bi Sitaki, na jina hilo alilipata kwa haki. Maradhi yalimpofusha akiwa bado shuleni. Walipomwambia abaki nyumbani, alisema sitaki, akamaliza shule. Mtu akimshika mkono kumvusha barabara bila kumuuliza, sitaki. Hata mumewe, kabla ya kukubaliwa, alikataliwa mpaka akakonda.

Kazi yake ilikuwa kupiga chapa. Watu walimletea mikutano na mahojiano yaliyorekodiwa, naye akayasikiliza na kuyaandika neno kwa neno. Kompyuta yake ndogo ilikuwa na programu ya kumsomea kwa sauti kila kilichokuwa kwenye kioo. Bila sauti hiyo, hakuwa na njia ya kujua alichoandika.

Asubuhi moja kompyuta ilijisasisha yenyewe, ikazimika, ikawaka, ikanyamaza. Akabonyeza hiki, akabonyeza kile. Kimya.

"Hiyo imekufa," alisema shemeji yake, mdogo wa mumewe, akimalizia chai. "Nipe niipeleke kwa fundi."

"Fundi yupi? Yule aliyenifutia kila kitu, akanirudishia tupu kama debe?"

"Sasa utaitengenezaje, na wewe..." Shemeji akalimeza lililobaki.

"Malizia."

"Nilitaka kusema, haisemi."

"Haisemi, lakini inasikia. Vitufe vyote navijua kwa vidole. Nenda kazini, shemeji. Kompyuta haitoki humu ndani."

Shemeji akaondoka akinung'unika kwamba fundi atakuja, apende asipende.

Bi Sitaki akamwita mama mkwe wake, aliyekuwa akipanga vyombo jikoni. "Mama, miwani yako iko wapi?"

"Ninayo. Lakini hicho Kizungu mimi sikijui."

"Usinitafsirie. Nitajie herufi tu, kama unavyoziona."

Wakaketi bega kwa bega. Bi Sitaki akafungua kwa vitufe orodha ya vifaa vilivyomo ndani ya kompyuta. Mama mkwe akasogeza uso mpaka pua ikakaribia kugusa kioo.

"Hapa pana kipembetatu cha njano, chenye alama ya mshangao."

"Pembeni pameandikwaje?"

"A, u, di, i, o."

"Tumempata! Spika ni nzima, mama. Iliyoharibika ni draiva yake, kile kiprogramu kinachoijulisha kompyuta kwamba ina spika. Bila hicho, ni wageni kwa wageni."

Simu yake nayo ilikuwa ya kusema, basi akaitumia kutafuta draiva kwenye tovuti ya waliotengeneza kompyuta, akaihamisha kwa waya, akaanza kuiweka. Kijisanduku kikatokea kiooni.

"Efu, a, i, eli..." mama mkwe alianza.

"Fail. Imekataa," alisema Bi Sitaki, akajaribu nyingine. Ikakataa vilevile.

"Mwanangu, si tumsubiri huyo fundi?"

"Aje anikute nimemaliza."

Lakini kulikuwa na mahojiano aliyoahidi kuyapeleka siku hiyo, na aliogopa kuonekana hawezi. Akaifunga kompyuta, akaigeuza juu chini, akapapasa mpaka vidole vikakuta karatasi iliyobandikwa, yenye namba ya modeli.

"Nisomee hii. Yote, usiruke hata nukta."

Mama mkwe akasoma. Herufi ya mwisho ya modeli haikuwa ile aliyokuwa akiikumbuka Bi Sitaki. Akapiga paja.

"Kumbe! Muda wote namvalisha mtoto kiatu cha nduguye!"

Akapakua draiva ya kompyuta hiyo hasa. Nayo ikakataa. Safari hii hakupapatika. Mabaki ya ile mbovu yalikuwa bado yamekaa mahali pake, na mpangaji mpya haingii kabla wa zamani hajatoa mizigo. Akaifuta ile ya zamani, mama mkwe akimtajia herufi za kila kilichoandikwa, akazima, akawasha, akaiweka mpya.

Sauti ikaporomoka ndani ya chumba kwa kasi ya mvua ya mawe. Mama mkwe akaruka kitini.

"Mbona inagomba?"

"Iache igombe, mama! Iache!" Bi Sitaki alikuwa anacheka, na machozi yanamtoka, wala hakuyafuta.

Alikuwa katikati ya mahojiano yake shemeji aliporudi na fundi mwenye mkoba begani.

"Niiangalie kidogo," fundi alisema, akinyoosha mkono.

"Iko sawa. Ukitaka kujua ilikuwa na nini, kaa nikueleze. Ukitaka kuibeba, mlango ulioingilia unaujua."

Fundi akavuta kiti, akakaa. Shemeji akabaki amesimama mlangoni, mpaka mama yake alipomwambia ama aketi, ama apishe hewa iingie.