Koti la Mwalimu na Mstari Mmoja wa Profesa

Mume wa mdogo wangu tunamwita Profesa, na hakuna chuo kilichompa cheo hicho. Tulimpa sisi wenyewe kwa kumkejeli, naye akakipokea kwa mikono miwili. Zamani alikuwa akitengeneza mashine za kuchapa karatasi katika ofisi fulani. Walipompunguza kazini alikuja na laptopu yake kwenye chumba changu cha ushonaji, akaomba kona ya kukaa "wiki moja tu, shemeji". Huu ni mwaka wa tatu. Anakunywa chai yangu, anakula umeme wangu, na katikati ya cherehani sita shati lake halina kifungo cha pili kutoka juu. Sijamwambia. Mtu anayejua kila kitu, nani atamwambia nini?

Mwaka jana niliungana na jirani yangu, Fundi Suruali, ili tugawane kodi ya chumba. Mimi nashona vya juu: blauzi, mashati, makoti. Yeye anashona vya chini. Wateja wengi walikuwa wetu sote. Profesa akaviingiza vipimo vyangu kwenye kompyuta, vya Fundi Suruali navyo akaviingiza, kisha daftari langu la miaka ishirini akampa mwanawe alichoree magari. Ikabaki kuviunganisha.

Akatuita tusimame nyuma yake.

"Hii inaitwa kamusi," alisema. "Kila jina la mteja ni kama droo. Ukiivuta, vipimo vyake vimo ndani. Sasa nachukua kamusi mbili, nafanya moja. Mstari mmoja tu, shemeji!"

Akauandika, akabonyeza, akageuka kututazama kama mama aliyejifungua mapacha. Fundi Suruali akapiga makofi. Huyo naye hupiga makofi hata umeme ukirudi.

Baadaye ndipo nilipoelewa bingwa wetu alifanya nini. Mstari wake haukuchanganya vilivyomo ndani ya droo. Ulipokuta jina moja pande zote mbili, uliitupa droo yangu nzima na kuweka ya Fundi Suruali, kwa kuwa ndiyo iliyokuja nyuma. Mabega, vifua na mikono vikaenda na maji. Kilichosalia ni kiuno na urefu wa mguu. Na Profesa alipoyaona mapengo, je, alishtuka? Thubutu! Aliandika mstari wa pili: palipo wazi, jaza wastani wa wateja wote. Wastani! Miaka yote niliyoshika mkasi sijawahi kumpima mtu anayeitwa Wastani.

Miongoni mwa waliopoteza mabega alikuwa Mwalimu, mteja wangu wa miaka kumi na tano. Bega lake la kulia limeshuka tangu kuzaliwa. Watu hawajui, na hawajui kwa sababu yangu. Ndani ya kila koti lake naweka sponji niliyoikata kwa ajili ya bega lile peke yake, na kola naipandisha kidogo upande ule. Siku ya kwanza alipojitazama kwenye kioo changu alilia, akanishika mkono, akaniomba isiwe habari ya mtu mwingine.

Basi akapandishwa cheo, akawa mkuu wa shule katika mji mwingine, akaagiza koti la siku ya kutambulishwa kwa wazazi. Karatasi ya vipimo ikatoka kwenye mashine ya Profesa: bega la kushoto na la kulia, sawasawa kabisa. Nikasimama na chaki mkononi.

"Profesa, hivi vya Mwalimu una uhakika navyo?"

"Kompyuta haisahau, shemeji. Wewe fuata karatasi."

Fundi Suruali akacheka. "Mambo ya kukariri yamepitwa na wakati, dada."

Hapo nikapandwa na hasira. Neno moja lingetosha, nami sikulisema. Nikajiambia, haya, tutaona. Alhamisi Mwalimu atakuja kujaribu, koti litamwinamia hapa hapa mbele ya kila mtu, na Profesa ataumbuka nikimwona kwa macho yangu. Kwa kawaida koti la kujaribu nalishikiza kwa mkono tu ili lifumuke upesi. Hili nililimaliza lote, bitana na vifungo, ili aibu yake iwe kamili.

Jumatano nilikwenda kununua nyuzi. Mwalimu, aliyeambiwa aripoti mapema, akamtuma dereva. Profesa akalikunja koti, akalitia kwenye mfuko, akamkabidhi dereva. Niliporudi aliniambia kwa fahari kwamba kazi imeshaondoka. Nilimpigia Mwalimu simu mara mbili. Ya kwanza haikupatikana. Ya pili ilipoanza kuita, niliikata.

Alirudi baada ya wiki mbili na mfuko ule ule. Alizungumza taratibu. Hakulijaribu koti kabla, kwa kuwa nguo zangu hajawahi kuzijaribu nyumbani. Alilivaa asubuhi yenyewe, katika chumba cha wageni chenye kioo kidogo cha kunawia uso. Wazazi wakanong'ona kuanzia safu ya mbele. Jumatatu aliwakuta wanafunzi nyuma ya madarasa wakitembea kwa mstari, bega moja chini, wanakufa kwa kicheko.

"Fundi," aliniuliza, "kulitokea nini?"

Kabla sijafungua mdomo, Profesa akasimama. Sikuwahi kumwona akimwinukia mteja.

"Kosa ni langu, Mwalimu. Niliviunganisha vibaya, vipimo vyako vikafutika. Shemeji alifuata karatasi yangu tu, hakuwa na namna ya kujua. Nisamehe sana."

Macho yalimwiva kweli. Mpumbavu yule, hata kuomba radhi alinitangulia. Mwalimu akamwitikia kwa kichwa. Mimi nikajikausha, nikaona nimepona.

Profesa akaketi, akafungua laptopu pale pale. Safari hii, alisema, ataunganisha mpaka ndani ya droo, kipimo kwa kipimo, pasipotupwa kitu.

"Ila vilivyofutika havirudi, na vya Mwalimu vimo," alisema. "Bega la kulia niandike ngapi?"

"Limeshuka inchi moja na robo," nilijibu huku natafuta pini zangu. "Mkono wa kulia ishirini na tatu, wa kushoto ishirini na mbili na nusu. Kola ipande robo upande wa kulia."

Profesa alikuwa akiandika. Halafu vidole vyake vikasimama. Nilipoinua uso, Mwalimu alikuwa ananitazama.

"Unavijua kwa kichwa," alisema.

Alichukua mkoba wake akatoka, na koti akaliacha juu ya meza yangu ya kukatia.