Posa Iliyotua Majini

Watu hunisimamisha mjini Malindi wakanishika mkono, nami hujiandaa kuwaeleza jinsi ndege inavyotua majini. Hilo ningependa sana kulieleza. Nimefunza marubani wachanga, na najua kulisema mpaka msikilizaji akajiona yeye mwenyewe ameshika usukani. Lakini hakuna anayeuliza. Wanachotaka kujua ni kimoja tu: yule mama alinikubali?

Basi nitaeleza yote mawili kwa pamoja. Ni mepesi, mtu akiyachukua hatua kwa hatua.

Wakati huo nilikuwa na miaka hamsini na moja. Nilikuwa nikirusha ndege ndogo ya abiria, ya injini moja, kutoka visiwani hadi Malindi, na kutoka Malindi hadi Mombasa. Nyumba yangu ilikuwa Muyeye, nayo ilikuwa kimya mno. Kila siku ya mapumziko nilikwenda Dabaso, kwenye daraja la mbao linalopita kati ya mikoko ya ghuba ya Mida. Pale palikuwa na mama mmoja, mjane, aliyewatembeza wageni na kuwaonyesha korongo na kaa. Mara ya kwanza nilikwenda kama mgeni. Mara ya pili nilisema nimesahau kofia. Baadaye visingizio viliniishia, lakini niliendelea kwenda kwa miaka miwili, na kila mara nilikusudia kumwuliza kama angeridhia nilete posa. Sikuuliza hata mara moja.

Nitaje pia tabia zangu mbili za kazini, maana bila hizo mambo haya hayaeleweki. Ya kwanza ni kuandika. Kila safari huiandika katika daftari: nimetoka wapi, nimefika wapi, upepo ulikuwaje. Mkono ukishazoea hauachi, nami nikawa naandika hata siku za mapumziko. Ya pili ni kusema peke yangu. Injini ya ndege ndogo ina kelele nyingi, na kwa miaka yote hiyo niliimba, niliomba dua na niligombana na mawingu kwa sauti kubwa, na abiria waliokaa nyuma ya mgongo wangu hawakusikia neno.

Asubuhi ya siku yenyewe tuliondoka Malindi watu tisa, abiria wanane na mimi. Tulikuwa tunaikaribia Watamu injini ilipokohoa mara mbili, ikanyamaza.

Hapa ndipo wasikilizaji hufumba macho, kwa hiyo nitakwenda polepole. Ndege iliyozimika injini haianguki kama nazi. Inateleza. Rubani huinamisha pua kidogo ili mwendo usipotee, na hubakiwa na dakika chache za kuchagua pa kutua. Kurudi uwanjani nisingeweza, hatukuwa juu vya kutosha. Barabara ilikuwa na magari. Bahari ya nje ilikuwa na mawimbi. Lakini mbele yangu ilikuwa Mida, imejaa maji ya bamvua, imetulia kama maji ya kwenye sinia. Nikakumbuka siku yule mama aliponionyesha kwa kidole kutoka darajani. Alisema maji yakijaa watu hudhani hapa pote ni kina kirefu, kumbe pana mkono wa mchanga unaopita katikati, naye hutembea juu yake, maji kiunoni.

Nikaugeuza uso wa ndege kuelekea mkono ule wa mchanga. Niliwaambia abiria wavae maboya bila kuyajaza, wafunge mikanda, wainamishe vichwa. Nikaita kwa redio. Kisha nikafanya nilivyozoea: nikasema na Mola wangu, kwa sauti ile ile ya kushindana na injini.

"Ya Rabbi, ukitushusha salama, nitamposa. Wallahi nitamposa yule mama wa daraja la Dabaso, sitangoja tena."

Injini ilikuwa imezimika. Ndege nzima ilikuwa kimya kama msikiti kabla ya hotuba. Nyuma yangu bibi mmoja wa visiwani, aliyejifunika buibui, akaitikia bila haraka, "Amin." Na wengine saba wakaitikia naye.

Tukatua. Mkia uligusa kwanza, kama inavyotakiwa, kisha magurudumu yakashika maji, pua ikazama, kioo cha mbele kikageuka rangi ya chai, nasi tukarushwa mbele na kurudishwa na mikanda. Pua ikainuka. Ndege ikakaa. Hakuna aliyeumia zaidi ya magoti.

Kwa furaha, mfanyabiashara mmoja wa vitambaa alivuta kamba ya boya lake humo humo ndani. Jambo hili husemwa kabla ya kila safari, nami nalirudia kwa upole: boya hujazwa ukishatoka nje. Alivimba kama andazi, akakwama mlangoni, na sote tukakwama nyuma yake huku maji yakitupanda miguuni. Bibi akamgusa begani. "Toa pumzi, mwanangu. Na hilo boya nalo litoe pumzi."

Tulikuwa bado twahangaika naye dirisha lilipogongwa. Alikuwa yeye, mama wa daraja, leso ameifunga vizuri, maji yamemfika kiunoni.

"Mwangoja nini humo?" akauliza. "Hapa patembeka."

Wakatoka mmoja mmoja, wakicheka kama watu waliolewa. Sheria ni kwamba rubani hutoka mwisho, na sheria hiyo ndiyo iliyoniponza, kwa sababu nilipofika mlangoni bibi alikuwa ameshaanza kazi.

"Ndiwe mama wa daraja la Dabaso?"

"Ndimi, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Basi simama vizuri, mwanangu. Tumekuja kukuposa."

Abiria saba, majini, ndani ya maboya ya manjano, wakatikisa vichwa kwa heshima kama wazee waliotumwa. Yule mama akaniangalia pale mlangoni, suruali imelowa, kofia haipo. Bibi akamweleza yote: kwamba niliapa kule juu, kwamba wote wamesikia, kwamba wao wanane ni mashahidi na yeye bibi ndiye mshenga, atakayepeleka maneno ya posa kwa niaba yangu.

Yule mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia mimi, si bibi: "Mimi si mbuzi wa nadhiri, rubani. Mtu akiokoka huchinja mbuzi wake, akala, akasahau." Akamshika bibi mkono. "Tembeeni polepole, pana mashimo ya kaa."

Habari zilifika Malindi kabla yangu. Wakubwa wa usalama wa anga walikuja, wakanihoji kwa makini, wakachukua injini yao wakaenda kuichunguza. Mji haukuihoji injini. Dereva wa tukutuku alinibeba hadi Muyeye akanishauri nivae kanzu nyeupe, rangi ya samawati hainipendezi. Mama muuza samaki aliniwekea samaki changu mzuri kila asubuhi, na kila asubuhi aliniuliza kama nimejibiwa, na nikisema bado alinibadilishia changu akanipa mdogo. Mwandishi wa habari alikuja na maswali kumi, moja la ndege na tisa la yule mama. Redioni watu walipiga simu kubishana: je, nadhiri hufunga ikiwa utimizaji wake unamtegemea mtu mwingine?

Swali hilo lilinikosesha raha, nikalipeleka kwa imamu wetu. Alicheka mpaka akashika kofia yake. Akaniambia nadhiri ni ya jambo lililo katika uwezo wangu. Niliapa kuposa, sikuapa kukubaliwa.

Nilifurahi kwa hatua kumi kutoka mlangoni kwake. Kisha nikaelewa. Nadhiri yenyewe ningeitimiza siku yoyote, hata kesho. Shida ilikuwa kumfanya mwanamke yule aamini kwamba nilimtaka kabla ya kuogopa, na mdomo wangu kwa miaka miwili haukutoa ushahidi wowote.

Bibi hakuwa na shida hiyo. Alinipigia simu kutoka visiwani akasema posa iliyoanza majini lazima imalizwe nchi kavu, na viatu miguuni. Akawakusanya abiria. Wawili walituma udhuru, sita wakaja Ijumaa moja alasiri na halua ya kwao, hadi nyumbani kwa baba yake mdogo yule mama, huko Dabaso. Mfanyabiashara wa vitambaa alikuja amevaa boya, akasema ni ushahidi. Kwa desturi mwenye kuposa haendi, hungoja nyumbani. Nami nilikuwa nangoja, nimeketi ukingoni mwa kiti, ujumbe ulipofika kwa simu. Ulitoka kwa yule mama. Nifike darajani, peke yangu.

Nilimkuta ameketi kwenye mbao, miguu inaning'inia.

"Hapa hakuna injini iliyozimika," akasema. "Mbona watetemeka?"

Nikaanza kumweleza kwamba mwili una namna yake ya kutofautisha hatari moja na nyingine. Akaninyamazisha kwa kunionyesha daftari langu. Lilikuwa limevimba kwa chumvi, nene mara mbili. Mkoba wangu, uliochukuliwa na maji siku ya kutua, ulinasa kwenye mizizi ya mikoko, akaukuta siku ya tatu, na tangu hapo alikuwa akilianika daftari kwenye reli za daraja, ukurasa baada ya ukurasa. Huwezi kuanika ukurasa bila kuuona, alisema, kwa sauti ya mtu asiyejuta.

Akafungua, akasoma. "Dabaso. Upepo wa kaskazi, hafifu. Sikuuliza." Akafunua. "Dabaso. Mvua kidogo. Sikuuliza." Akafunua tena. "Dabaso. Amenieleza habari ya mkono wa mchanga. Amevaa leso mpya. Nilikaribia kuuliza. Sikuuliza." Hiyo ilikuwa ya mwaka uliotangulia, injini ikiwa nzima kabisa.

"Nimehesabu," akasema. "Kisha nikachoka kuhesabu." Alikuwa anauma mdomo ili asicheke. "Haya. Uliza."

Nikauliza. Yalikuwa maneno manne, na nimetua majini kwa shida ndogo kuliko ile.

Alichomoa kalamu kwenye mfuko wa shati langu, akafungua ukurasa wa mwisho, ambao ulikuwa haujakauka vizuri, akaandika kwa herufi zake kubwa za kuandikia vibao vya kuelekeza wageni. Kutoka nyumbani kwa baba yake mdogo tulisikia kigelegele cha bibi, aliyekuwa ameamua kutosubiri. Nikainama kusoma.

"Dabaso. Upepo shwari. Ameuliza. Nimekubali, na ajifunze kuogelea."