Marehemu Aliyekoroma Ukumbini

Mjukuu wangu tulimbandika jina la Maswali tangu utotoni. Ukimwambia alale, anakuuliza usingizi unaingilia wapi. Akakua na ugonjwa wake huohuo, mpaka chuo kikamwajiri kuwauliza wajane wanalalaje, wanakulaje, moyo unakaaje baada ya msiba. Alizunguka na kinasa sauti mkobani, anapanda ngazi za watu, anakaa kwenye vitanda vya watu, analia nao.

"Utazeeka kwa vilio visivyo vyako," nilimwambia.

"Bibi, nikitoa makala jina langu likatangulia, napata mkataba wa kudumu. Nisipotoa, wananifungulia mlango niende."

Kabla ya kwenda kwa wajane, maswali yake aliyajaribia kwangu, aone kama yanaeleweka. Sasa mtu kakuletea kinasa sauti mpaka jikoni, umwambie kweli ya nini? Nilitia chumvi mpaka kopo likabaki tupu. Nikasema mume wangu alipokufa usingizi ulifungasha ukaondoka naye, na kila usiku napanda juu ya bati kugombana na mwezi, nao unanijibu kwa jeuri. Babu yake alikuwa hapo hapo anamenya viazi.

"Kama nimekufa, viazi namenya vya nani?" akasema. "Hebu nipe kisu kingine, hiki butu."

Maswali alicheka mpaka akaegemea ukuta. Rekodi ile akaiandika "jaribio", akaitenga.

Akajifungua, akakaa nyumbani kulea. Profesa wake, mkuu wa idara, akamwambia, "Usijali binti yangu, kazi yako nakutunzia." Akaitunza kweli! Maswali anarudi kazini, anakuta makala imeshatoka kwenye jarida kubwa. Jina la kwanza Profesa. La pili mke wake Profesa, ambaye anafundisha kuchora ramani. Mjukuu wangu yuko chini kabisa, kwenye shukrani, kwa herufi za sisimizi: ameshukuriwa kwa kubeba vifaa.

Alikuja kunisomea, mtoto kifuani. Alipofika mahali pa bibi mmoja anayegombana na mwezi, akaacha kusoma, akanitazama. Profesa alikuwa ameufanya uongo wangu ugonjwa mpya, na ugonjwa akaupa jina lake.

"Anasema alikaa na wewe, bibi. Anasema alikushika mkono."

"Mkono upi?"

"Nyamaza tu. Yeye ndiye anayesaini mkataba wangu."

Ninyamaze! Wale wajane walimfungulia mjukuu wangu vifua vyao, halafu mtu mzima na suti yake anavaa vilio vyao kama nishani? Alinyakua maneno yaliyonakiliwa tu, rekodi yenyewe hakuisikiliza. Angeisikiliza hata mara moja, angemsikia marehemu akiomba kisu.

Chuo kikaandaa mhadhara wa kumpongeza Profesa, milango wazi kwa kila mtu. Nami ni kila mtu. Nikampigia babu pasi shati, tukaenda bila kumwambia Maswali, tukakaa mbele. Babu kiti laini hakiwezi. Profesa hajamaliza salamu, mwenzangu anakoroma.

"Nilikaa na bibi yule," Profesa anasema, macho makavu. "Machozi yake yaliangukia mkono wangu."

Nikasimama. "Profesa, mwanangu, umenisahau?"

"Shikamoo mama. Maswali ni mwishoni."

"Marahaba. Maswali yuko pale mlangoni, ndiye aliyenihoji. Mimi ndiye yule wa mwezi. Na huyu anayekoroma ndiye marehemu."

Ukumbi ulivunjika kwa kicheko. Mimi sikucheka. Profesa akafuta miwani.

"Hilo ni kosa la msaidizi wangu, aliyekusanya…"

"Msaidizi? Si sasa hivi ulikuwa umenishika mkono? Kumbe machozi yangu ni yako, uongo wangu ndio wake?"

Babu akazinduka. "Nani kafa?"

Mkuu wa chuo, mama mmoja aliyekaa safu ya mbele, hakutabasamu. "Profesa, bibi huyu ulimhoji au hukumhoji?"

Profesa akapekua karatasi zake. Ndipo Maswali akaja mbele, mtoto mgongoni, sauti inasikika mpaka nyuma. "Niliwahoji mimi, wote. Na hii ya bibi yangu niliitenga. Iliandikwa jaribio."

Jarida liliifuta makala. Mjukuu wangu akaongezewa muda wa kuandika upya, akarudi kwa wajane, mlango kwa mlango, kuwaomba radhi na ruhusa. Wengine walimfukuza. Alilia kwangu, akaosha uso, akaenda tena.

Juzi kaja kunisomea. Jina lake limetangulia. Nikamwambia asome tena hapo, nikamwambia asome tena. Mkataba nao umesainiwa, na mkuu wa chuo mwenyewe.

Profesa? Kapewa likizo apumzike, mshahara unaingia kama kawaida. Apumzike, kachoka na nini? Kubeba jina lake? Hasira zangu sijazitua. Leo mwezi ukitoka napanda juu ya bati, na safari hii hauthubutu kunijibu kwa jeuri.