Sauti Yangu Imeishinda Kompyuta

Wakuu, leo kompyuta ya studio imenyoosha mikono mbele ya sauti yangu.

Mpwa wangu Zuhura anaolewa Jumamosi. Alitaka kuingia ukumbini na wimbo wangu, ule uliotikisa Kariakoo mpaka maghorofa yakaomba radhi.

Ila aliutaka bila sauti, maana mle ndani namwita Mwajuma mara kumi na moja.

Mke wangu si Mwajuma.

Tukaenda studio Mchafukoge. Fundi akauliza, "Shikamoo mzee, vyombo umeleta?"

"Marahaba. Vyombo vya shughuli tumeshakodi, sahani mia tatu."

Zuhura akaziba uso.

"Mzee, namaanisha gitaa peke yake, ngoma peke yake, sauti peke yake. Hukutunza?"

Nitunze vipande, kwani nauza kuku?

Akajaribu kuifuta sauti kwa kompyuta. Gitaa likafutika, ngoma ikakonda. Mwajumaaa akabaki, anaita kwa mbali kama jini.

"Mjomba, basi," Zuhura akasema taratibu. "Nitaingia na wimbo wa mtu mwingine."

Haya, chekeni hapo chini. Na nyie wasanii endeleeni kutotunza vyombo vyenu. Jumamosi mimi nimeshapangiwa kazi ya heshima: kupiga makofi.